Sahani ya Poni

Giza lilikuwa linaingia Koboko Medina alipotoka na sinia kichwani kupeleka karama, sadaka ya chakula. Safari ilikuwa keshokutwa, na watu wake, Wanubi, hawaondoki kwenda mbali bila kupika na kugawia majirani. Kila sahani hufunikwa kwa tabaga, kile kifuniko cha rangirangi wanachokisuka wanawake wao, na aliyepokea huirudisha ikiwa na kitu ndani, hata kama ni konzi ya karanga. Kurudisha sahani tupu ni aibu ya kusemwa mpaka arusini.

Na safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Walikuwa wanakwenda baharini.

Kaltumu, mtoto wao wa pekee, alikuwa anakohoa tangu alipoanza kutembea. Kikohozi chake kilikuwa na mikato miwili mikavu na mluzi mwembamba mwishoni. Medina angekitambua hata katikati ya soko. Daktari mmoja wa Arua aliwaambia kwamba hewa ya bahari huenda ikamfungua mtoto kifua, na tangu siku hiyo mumewe Fadhul, dereva wa lori aliyefika Mombasa mara moja tu, alisimulia bahari kama mtu aliyeichimba kwa mikono yake. Wangekwenda Kampala kwa lori, wapande treni, wafikie kwa binamu yake. Kila asubuhi wangempeleka mtoto kwenye bustani ya pwani iliyokuwa kwenye picha ya kalenda ukutani, yenye mivinje mirefu na njia nyeupe inayoshuka mpaka majini.

Medina aliipenda picha ile, na aliiogopa. Alipewa na Poni.

Poni alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya ua, Mkakwa wa Lobule, mwanamke wa kucheka sana. Hakujaliwa mtoto, akampenda Kaltumu mpaka watu wakatania kwamba mtoto ana mama wawili. Miaka mizima wanawake hao wawili walisaga simsim pamoja na kupanga jinsi watakavyoiona bustani ile. Mwaka uliotangulia Poni akapata nafasi kwanza, akaenda na mumewe Lokule. Aliagana na Medina hapo hapo uani. "Mimi natangulia kuona," alisema. "Halafu narudi kukuambia."

Lokule alirudi peke yake. Alisema mkewe aliishuka njia ile nyeupe, akaingia majini na nguo zake, akawa anatembea tu, hageuki akiitwa. Mwili haukuonekana. Lokule akaufunga mlango kwa kamba, akahama nchi kwa kuvuka mpakani pale Oraba, na nyumba ikabaki na popo.

Unaweza kuuliza, basi kwa nini Medina alikubali kwenda huko huko? Mtoto akikohoa usiku kucha mikononi mwako, hutakuwa na muda wa kuogopa picha.

Jioni ile aligawa nyumba kwa nyumba. Alipomaliza kwa Santina, ambaye mumewe alichuuza vitu Oraba, alikuta sinia bado lina sahani moja. Sahani ya bati ya buluu, iliyobanduka rangi ukingoni. Akasimama njiani. Mkono wake ulikuwa umepakua kwa mazoea, kama ulivyopakua miaka yote. Ya buluu ilikuwa ya Poni.

Karama iliyopakuliwa kwa ajili ya nyumba fulani hairudishwi chunguni. Hilo alifundishwa akiwa msichana. Akaenda mpaka kwenye mlango ule uliofungwa kwa kamba, akaiweka sahani kizingitini.

"Poni," alisema, nusu mzaha, nusu machozi. "Kula. Sisi nakwenda."

Ndani ya nyumba, kitu kikadondoka.

Tone moja... kama la maji.

Panya, alijiambia. Akarudi kwake mbiombio, wala hakugeuka nyuma.

Kesho yake sahani zilirudi moja moja, na mihogo, na mayai, na maneno ya heri. Medina alikuwa akifunga mizigo na hata hakukumbuka ile ya buluu. Magharibi ilipoingia alifungua mlango akakuta sahani iliyofunikwa kwa tabaga kizingitini. Aliyeileta hakuwapo. Aliinua kifuniko, akatabasamu peke yake. Sahani ilikuwa imejaa chumvi mpaka ukingo hauonekani.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Chumvi ilikuwa ya kutafutwa kama dawa, rafu za maduka zilikuwa zinafuga buibui, na watu walipikia maji ya majivu. Chumvi kama hii, nyeupe, ya mawe, yenye unyevu, ingetoka wapi isipokuwa Oraba? Alimwombea Santina dua, akaimimina kwenye kopo, akachukua kiasi akatia kwenye mchuzi wa Kaltumu. Mtoto aliunywa wote, akalamba kijiko, akalala.

Na hakukohoa.

Medina alikaa kando ya kitanda akisikiliza. Kimya. Alifurahi mpaka akaogopa, akasogeza sikio kifuani pa mtoto. Pumzi ilikuwapo, laini, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi...

Fadhul aliingia kutoka msikitini, akasimama mlangoni. Pua zake zilikuwa zinatafuta kitu.

"Mama Kaltumu, nani naleta harufu hii?"

"Harufu gani?" Aliisikia pia, kitu kibichi, cha samaki na majani yaliyooza, lakini hakuwa na jina lake.

"Ya bahari," alisema Fadhul taratibu.

Alichota chumvi kwenye kopo, akaisugua kiganjani mbele ya taa. Ndani yake mlikuwa na mchanga mweupe na kipande cha kombe kama ukucha. Medina akaitazama sahani iliyoileta. Hapo ndipo alipoyaona mabanduko ya ukingoni. Alitoka, akamwita Santina juu ya ua, na Santina akajibu kwamba sahani yake aliirudisha asubuhi, na karanga, kwani hakuiona?

Mama yake Fadhul, Haboba Hawah, yaani Bibi Hawah, alikuwa ameketi pembeni na tasbihi. Alipoelezwa habari ya sahani, tasbihi ilisimama.

"Mutu nakula karama ya safari, yeye iko msafiri," alinong'ona. "Wewe nampa chakula, yeye narudisha karama yake. Mtoto nakula?"

Medina aligeukia kitanda. Na hapo hapo wote watatu walikisikia.

Mikato miwili mikavu. Mluzi mwembamba mwishoni.

Kaltumu alikuwa kitandani, kinywa kimefumbwa.

Kikohozi kilitoka nyumbani kwa Poni.

Mama gani angebaki ndani? Medina aliipokonya taa akakimbia, Fadhul nyuma yake akimwita. Kamba ya mlango ilikuwa imelowa, ikakatika mkononi kama mboga iliyochemka. Ndani hamkuwa na mtu. Sakafu ya udongo ilikuwa imejaa maji mpaka vifundoni, ya baridi, na maji yalikuwa yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi, ndani ya nyumba yenye kuta nne. Kikohozi kilisikika tena, mbali sasa, mbali kuliko ukuta wa nyuma, kama cha mtoto anayeshuka njia ndefu akiwa ameshikwa mkono. Halafu sauti ya mwanamke anayecheka sana.

Halafu kimya. Taa ilipoinuliwa, sakafu ilikuwa kavu, na mchanga mweupe umetapakaa.

Fadhul alimvuta Medina mpaka nyumbani kwao. Alisema safari imekwisha, hawaendi popote, asubuhi atamwita shehe amsomee mtoto. Medina alikuwa ameinama, anaipangusa sahani ya buluu kwa pindo la nguo yake. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini aliendelea kupangusa.

"Sisi nakwenda," alisema. "Mtoto wangu iko kule."

"Mtoto iko kitandani."

"Baba Kaltumu, wewe nasikia yule nakohoa?"

Fadhul akaenda kufunga mizigo iliyobaki.

Alfajiri lori lilipiga honi barabarani. Medina aliitia sahani ya kumrudishia Poni juu kabisa ya mzigo, ikiwa tupu, kisha akamwinua mtoto. Alikuwa mzito, wa baridi kidogo, na pumzi yake ilikuwa safi ajabu, isiyokwaruza hata kidogo. Haboba Hawah aliwaaga kutoka mbali, akakataa kumbusu mjukuu.

Walipoketi garini, mtoto aliinua macho akaitazama sahani, kisha akamtazama Medina kwa upole.

"Mama," alisema, "kurudisha tupu iko aibu. Wewe nataka kujaza nini?"