Nusu ya Akiba

Saa mbili kasorobo asubuhi mtunza ghala alivuta mche wa saba wa tope kutoka kwenye rafu ya chumba cha baridi, na mikono yake ikapanda juu yenyewe kwa wepesi wa mzigo. Bomba la plastiki lilikuwa tupu. Nailoni iliyokuwa ikifunika tope ilikunjwa vizuri ndani yake, lakini tope lenyewe, lililochimbwa chini ya bahari ya ncha ya dunia na kusafirishwa miezi mizima, halikuwepo.

Inspekta alifika saa tatu. Alikuwa mtu mfupi mwenye mafua yasiyoisha, na swali lake la kwanza liliwaudhi wote: nani anaiba tope?

Profesa, mkuu wa maabara, alimweleza kwa subira ya mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. Kila mche wa tope hupasuliwa kwa urefu kama mkate. Nusu moja hufanyiwa kazi mpaka iishe. Nyingine huwekwa akiba, na anayeigusa bila kibali hana kazi. Mwani unaoishi ndani ya barafu ya bahari huacha mafuta yake kwenye tope; palipo na mafuta palikuwa na barafu, pasipo nayo bahari ilikuwa wazi. Binti, mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, alidai kwamba karibu na kichwa cha mche wa saba, yaani ncha yake ya juu, kuna tabaka lisilo na mafuta kabisa, la enzi ambazo wataalamu wote waliamini bahari ile iliganda. Wakamwita mwongo. Nusu ya kazi ilikwisha kwisha, kwa hiyo kamati ingekuja leo saa nane kupima ya akiba.

"Anayefaidika ni mmoja tu, afande, yule ambaye kipimo kingemuumbua," alisema Profesa. "Kamati ikikuta bomba tupu, namwondoa chuoni leo leo."

Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye korido. Alijibu kila alichoulizwa kwa sauti kavu: tope lile ndilo lilikuwa shahidi wake pekee, angeliiba ili iweje? Pembeni yake alisimama Mama Mashine, shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Jina hilo alilipata kwa sababu ndiye mwendeshaji wa mashine ya kupimia mafuta, na hakuna mwingine, hata Profesa, aliyeruhusiwa kugusa kitufe chake. Aliyajibu pia maswali ambayo hakuulizwa.

"Labda mtu kalimwaga kwa bahati mbaya, kaogopa kusema," alisema. "Ajali hutokea, afande. Huyu mtoto hana ujanja huo."

Mtunza ghala ndiye aliyetoka jasho, tena kwenye chumba cha baridi. Aligeuza maneno mara tatu kuhusu ufunguo, mpaka Inspekta akamkumbusha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ndipo akakiri kwamba droo yake iliharibika kufuli, na ufunguo huutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Yeyote angeuchukua. Kwa dakika chache Inspekta aliamini amempata mtu wake, akamwamuru aonyeshe jinsi mche unavyotolewa.

Mtunza ghala akavuta mche wa jirani. Alisema humu ndani mche huingizwa rafuni kichwa mbele, kwa hiyo ncha inayokukabili ni mkia, na kifuniko cha buluu kinachoonyesha kichwa hubaki kizani huko ukutani. Huko juu maabarani, mche ukiwa mezani, wenzake huanzia kichwa siku zote. Ndiyo maana huwakataza kuchota chochote humu.

Inspekta aliitandaza ile nailoni sakafuni. Utepe wa buluu ulikuwa bado umenata upande wa kichwa. Nailoni ilikuwa mpya, imebadilishwa wiki iliyopita, lakini sasa ilikuwa na matundu ya sindano ya kuchotea tope: mengi yamesongamana karibu na mkia, machache yametawanyika mpaka kichwani.

Alipiga chafya, akatazama matundu yale kwa muda mrefu. Mwizi alipima kwanza, ndipo akaiba. Alilitafuta tabaka la karibu na kichwa, akalitafutia mkiani. Mtunza ghala asingekosea hivyo. Binti hakuhitaji kupima alichokwisha kukipima. Profesa asingeweza kuiwasha mashine hata kwa kulazimishwa. Hakulipenda jibu lililobaki.

Saa saba alimkuta Mama Mashine peke yake chumbani kwake, anafuta meza isiyo na vumbi. Akafunga mlango, akamweleza kuhusu matundu, taratibu, bila kumtaja mtu.

"Ulipokuta mafuta mahali mtoto aliposema hakuna, ukaamini ametunga," alimalizia. "Ukamwaga tope ili kamati ikose cha kupima, waseme ni ajali."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, afande." Hakuacha kufuta.

"Ile ncha ilikuwa mkia, mama."

Kitambaa kikasimama. Aliketi, midomo yake ikihesabu kimya kimya, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Alizeeka mbele ya macho ya Inspekta.

"Vichupa viwili vya mwisho nilivyopima havikuwa na mafuta," alisema. "Nikajiambia sindano haikufika."

"Viko wapi?"

Akakikunja kitambaa mara mbili. Jokofu nyuma yake lilikuwa na mamia ya vichupa vya tope, vyote vinafanana, na yeye pekee ndiye aliyejua vipi vilitoka kwenye mche wa saba.

"Kukushtaki siwezi, sina ushahidi," alisema Inspekta. "Ukinyamaza, kazi yako unayo. Atakayeondoka ni yeye."

Saa nane na dakika kumi, Profesa akiwa ameanza kusoma uamuzi mbele ya kamati, Mama Mashine aliingia bila kubisha hodi, amekumbatia trei ya vichupa kifuani.

"Nusu ya akiba niliifungua mimi," alisema. "Nikaimwaga kwenye sinki mimi. Hivi ndivyo vilivyobaki. Vihesabuni kinyume."

Vilipimwa na mtaalamu aliyekuja na kamati, wengine wakiwa wamesimama nyuma yake. Barafu, barafu, barafu, kisha karibu na kichwa hakuna kitu, kama Binti alivyosema. Profesa alikuwa wa kwanza kumpa mkono na kumwomba radhi. Mama Mashine alikabidhi kitambulisho cha kazi na kumfuata Inspekta nje.

Binti aliwakuta kwenye gari. Alisimama hatua moja kutoka kwa shangazi yake, hakumkumbatia.

"Ungeniuliza tu, shangazi."

"Niliogopa utanidanganya."

"Lini nimewahi kukudanganya?"

Binti alivua sweta lake, akamvisha shangazi yake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni bila kumtazama usoni. Inspekta aliushikilia mlango wa gari, akasubiri mpaka amalize.