Anayekaa Kwenye Kiti cha Fundi

Sauti ya Fundi ilikuwa chumbani. Fundi mwenyewe alikuwa amelala uani kwenye mkeka, kinywa wazi, nzi akimtembea mkononi.

Mdogo wake, binti kitindamimba wa nyumba ile, alisimama na beseni la nguo kiunoni.

"Leo sijatamani kitu," ilisema sauti kule chumbani, taratibu, kama ya mtu aliyeshiba. Makofi yakasikika kutoka kwenye kompyuta.

Akamtazama tena kaka yake. Hana hili wala lile.

Fundi alikuwa mtengeneza mafriji mpaka mgongo ulipoharibika. Akapewa vidonge, maumivu yakaondoka, vidonge vikabaki. Kwenda kliniki kupanga foleni na watu aliowatengenezea friji, aibu ilimzidi. Ndipo mshauri mmoja akamwingiza kwenye kikundi cha mtandaoni, kila alasiri. Sharti la kikundi lilikuwa moja: kabla ya lolote, kila mtu aseme leo ametamani vidonge lini. Hakuna aliyechekwa. Ila ukikosa vikao vitatu mfululizo, nafasi yako hupewa mwingine.

Binti alisukuma mlango kwa kiwiko. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya kisanduku cha kaka yake, alikaa Fundi aliyenyolewa ndevu, shati limenyooka, akimtabasamia mshauri. Chumba kilinuka kama friji iliyozimwa ikafungwa mlango na kusahauliwa. Yule wa kwenye kioo hakugeuza kichwa. Aligeuza macho tu, akamtazama.

Jikoni, Mama alikuwa anapiga pasi shati la mwanawe.

"Mama, kilichomo chumbani si Kaka."

"Punguza sauti."

"Kumbe unajua?"

Mama aliigeuza kola. "Alishakosa mara mbili. Siku ya tatu nimemwamsha, nimemwamsha, mpaka mikono ikachoka. Nikawasha ile mashine, nikakitazama kiti, nikasema, basi yeyote anayeweza kukaa hapa na aingie tu, mwanangu. Akaingia."

"Mama, hilo ni jini."

"Huyo hunisalimia kila asubuhi. Shikamoo ya mwisho ya kaka yako wewe unaikumbuka? Maana mimi siikumbuki." Hakuonekana kukasirika. Usoni mwake hakukuwa na kitu chochote. "Kesho mshauri anamhitimisha. Akishahitimu atatoka chumbani, atakaa nasi mezani."

"Na huyu wa mkekani?"

Mama alirudisha pasi kwenye mkono wa shati uliokwisha kunyooka.

Binti alitoka uani akachuchumaa. "Kaka. Kuna kitu kimekaa mahali pako."

"Najua," alisema Fundi bila kufumbua macho. "Kinaongea vizuri kuliko mimi. Kiache."

"Na wewe huoni uchungu?"

"Sioni kitu, mdogo wangu. Hata vidonge sivitaki. Sitaki chochote."

Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na kupitia kiganja chake, hafifu kama kupitia karatasi iliyomwagikiwa mafuta, aliona ukili wa mkeka.

Kesho yake alasiri Binti alimvuta kaka yake kwa makwapa hadi chumbani. Fundi alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Kwenye kompyuta mshauri alikuwa ameshaanza.

"Leo tunamuaga ndugu yetu Fundi," alisema. "Fundi, leo umetamani lini?"

"Sijatamani, Mshauri. Sitatamani tena," ilijibu sauti ya yule wa kwenye kioo.

Binti alimkalisha kaka yake kwenye kiti kile, na kiti kilikuwa baridi kiasi kwamba vidole vyake viliganda mgongoni pa kiti, na ile harufu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na kule kwenye kioo nyuso mbili zikawa zinapishana mahali pamoja, moja imenyolewa na moja ya mgonjwa, na ile iliyonyolewa ikaendelea kutabasamu huku ikisema kwa upole, kwa sauti iliyotoka si kwenye kompyuta bali karibu kabisa na sikio lake, "Mrudishe mkekani, dada, hakuna anayemhitaji," na yeye akamng'ang'ania kaka yake mabega yale yaliyokuwa yanamponyoka kama maji, akamnong'oneza, "Sema, Kaka, sema lile moja tu, sema lini."

Fundi alifungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena.

"Sasa hivi," alisema. "Nimetamani sasa hivi. Na asubuhi. Natamani mpaka meno yanauma."

Mshauri akasema, "Asante, Fundi. Basi hatukuagi. Tunaanza upya."

Kioo kikabaki na uso mmoja, ule wa mgonjwa. Harufu ikakatika. Mabega yakawa na uzito, na Fundi akaanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika miguuni pake. Binti aliizima kompyuta, akamkumbatia hivyo hivyo alivyo, akamtoa kwenda kumwosha.

Walikuwa bado bafuni Mama alipoingia chumbani na shati mkononi. Alilitandaza kwenye mgongo wa kiti, akalinyoosha kola kwa kidole.

"Mmempeleka wapi yule mwingine?" aliuliza, si kwa sauti kubwa.

Hakusubiri jibu. Binti, sabuni mkononi, alisikia kompyuta ikiwashwa. Akamsikia mama yake akisema jambo fupi, taratibu. Halafu, kutoka chumba kile kile, ikaja sauti ya mtu aliyeshiba.

"Shikamoo, Mama."

Na Mama akaitikia.

"Marahaba, mwanangu."