Wanja Uliomnyamazisha Swalihu

Bi Kudra alikuwa na mkono mwepesi wa kupaka wanja. Akina mama wengi wa mtaa wa Miyuji walimjua kwa hilo. Alinunua jiwe la wanja sokoni, jeusi lenye kumetameta. Alilitwanga, akalichekecha kwa kitambaa mpaka likawa laini kama unga wa muhogo.

"Wanja huyapa macho nguvu," alisema. "Na husda haipiti."

Mjukuu wake Swalihu alipakwa tangu hajatoka arobaini. Asubuhi Sabiha, mama yake, alimwogesha. Kisha bibi akampakata na kumpaka. Mtoto alifikicha macho, halafu akanyonya vidole. Nani angejali? Watoto wote hufanya hivyo.

Swalihu aliwahi kusema. Aliita paka, aliomba maji, hata alimwigiza mwadhini mpaka watu wakacheka. Kisha maneno yakaanza kupungua. Akawa analia ovyo. Tumbo lilimuuma, choo hapati. Viganja vikapauka.

"Mama, mwanangu anarudi nyuma," Sabiha alimwambia mkwewe.

"Ni kijicho hicho. Watu wamemsifia mno."

Bi Kudra akamwongezea wanja. Akamchora na alama nene kwenye paji la uso.

Mchana mmoja Swalihu alianguka uani kwa degedege. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akapima malaria, hakuna. Akayatazama macho ya mtoto, akauliza, "Huu wanja mnautoa wapi?" Damu ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu yakarudi: damu ina risasi.

"Risasi!" Bi Kudra alishtuka. "Nani kampiga mjukuu wangu?"

Nesi Devota, jirani yao, alikuwa kazini hapo. Akamketisha kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Si risasi ya bunduki. Ni madini mazito, kama yale yaliyomo kwenye betri za magari. Jiwe lako la wanja limejaa madini hayo."

"Macho hayali, nesi."

"Vidole vyake viliyapeleka madini mdomoni. Sikiliza, mama. Mwili umejengwa kwa chembe hai, ndogo hata jicho halizioni. Kila chembe ina milango yake. Madini ya kwenye maziwa, yale yanayojenga mifupa, hupita hapo. Sasa risasi inafanana nayo, kwa hiyo chembe inaifungulia. Ikishaingia inakalia nafasi isiyo yake, na kazi inaharibika. Chembe nyekundu za damu hazitengenezwi vizuri, ndiyo maana viganja vimepauka. Za ubongo zinashindwa kupeana habari. Nyingine zinakufa. Na ubongo wa mtoto ndiyo kwanza unajengwa."

"Dawa ipo?"

"Ipo ya kuitoa risasi kwenye damu. Chembe za ubongo zilizokufa hazifufuki, mama."

Bi Kudra alivitazama vidole vyake. Kucha zilikuwa na weusi.

"Ulikuwa hujui," Devota alisema taratibu.

"Kutojua kwangu kumemsaidia nini yeye?"

Devota akaketi kando yake.

Waliporudi nyumbani, wanja wote ulifungwa kwenye kopo, bwana afya akauchukua. Hawakuumwaga shimoni, maana risasi haiozi. Walifuta sakafu kwa kitambaa kibichi ili vumbi lisipeperuke. Wakafua mikeka na nguo. Sabiha alikuwa mjamzito. Naye akaacha wanja, kwa sababu risasi humfikia hata mtoto wa tumboni. Akala maharage, dagaa na mboga za majani, kama alivyoshauriwa kliniki.

"Sikulaumu, mama," alimwambia mkwewe siku moja. "Lakini usiniambie nisilie."

Nasma alizaliwa, akakua bila wanja. Damu yake ilipopimwa, daktari aliridhika. Alitambaa, akatembea, akawa msemaji kama kasuku. Swalihu naye alipata nafuu ya mwili. Degedege lilikoma, viganja vikarudia rangi yake. Maneno hayakurudi. Mdogo wake alimsemesha kutwa nzima, naye akamtazama tu.

Asubuhi moja mama kijana alibisha hodi, kichanga mgongoni.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa wanja."

"Marahaba. Njoo huku."

Bi Kudra akampeleka hadi mkekani alipokaa Swalihu, ute ukimtoka mdomoni.

"Huyu nilimpaka mimi. Alikuwa anasema." Akamweleza yote: jiwe, risasi, chembe hai, vidole mdomoni. "Kama nyumbani unao, usimpake. Wapelekee watu wa afya. Na mwanao akapimwe damu."

Yule mama akamshusha mwanawe mgongoni, akamkumbatia, akaaga bila kupaka chochote.

Sabiha alikuwa amesimama mlangoni. "Umemwokoa mtoto wa watu, mama."

"Ndiyo," alisema Bi Kudra. "Wa watu."

Akachukua bakuli la uji, akapiga magoti kumlisha Swalihu, ambaye wenzake wa rika walikuwa wamekwenda shule.