Waambie Habari za Sanduku

Fundi seremala alikuwa na gari moja kuukuu na pikipiki moja. Gari alilitoa viti vya nyuma ili mbao za wateja ziingie. Pikipiki aliifungia sanduku la mbao nyuma, kazi ya mikono yake mwenyewe, lenye mlango na komeo. Humo binti yake alipanga mikate na kuisambaza madukani. Mama wa binti alishafariki. Nyumbani walibaki wawili.

Kila asubuhi pikipiki ilipotoka, fundi aliweka randa chini akasikiliza mlio mpaka ukapotea. Hakutulia mpaka ausikie tena.

Bima za vyombo vyote viwili zilikaribia kwisha. Wakala wa bima akaja karakana, ana haraka kama anafukuzwa.

"Mzee, gari ni la kutembelea?"

"La kutembelea, na pia..."

"Naandika la kutembelea. Pikipiki anaendesha nani?"

Fundi akajivuna. "Pikipiki ni yangu. Andika mimi."

Goti lake lilikuwa bovu, na pikipiki hiyo hajawahi kuipanda. Lakini aliamini mwenye mali ndiye anayeandikwa. Nani alimweleza vingine? Wakubwa wa bima wana pesa za kubandika picha zao barabarani, meno yote nje. Pesa ya kumkalisha mtu wakamfundisha, hawana.

"Weka sahihi, kesho naichukua fomu," wakala akasema, akaondoka.

Jioni hiyo binti alichelewa. Fundi alipiga simu, haikupatikana. Akapiga tena. Akatoka nje, akasimama getini, mikono imejaa vumbi la mbao.

Jirani alikuwa anafagia kwake. Watu walimwita Mama Mwavuli, kwa kuwa hatoki bila mwavuli, jua au mvua. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ofisi ya bima.

"Fundi, mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

"Mtoto hajarudi."

Mara binti akatokea, anasukuma pikipiki, jasho linamtoka.

"Mnyororo umekatika, baba. Na simu imezima."

Fundi alishusha pumzi, akamsaidia kusukuma.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Mwavuli. "Leo ni mnyororo. Ingekuwa ajali, bima mnayo?"

"Ipo," fundi akajibu. "Na mpya nimeandikwa mimi dereva."

"Wewe? Ngazi zenyewe zinakushinda!"

Binti akacheka. Fundi hakucheka.

"Akimgonga mtu, watauliza nani aliendesha. Utasemaje?"

"Nitasema binti yangu."

"Na karatasi ina jina lako. Hapo wanaweza kukataa kulipa."

"Hao wanatafuta sababu tu! Kupokea wanakimbia, kulipa wanachechemea."

"Haya, wanatafuta. Mbona wewe unawapa?"

Fundi akajipangusa vumbi mikononi.

"Nisikilize, fundi. Gari lina bima yake, pikipiki ina yake, hata kampuni ikiwa moja. Ulilosema kwa gari, usidhani limeandikwa kwa pikipiki. Kila chombo, sema nani anakiendesha kweli, na kama ana leseni yake. Sema kinafanya kazi gani. Kupeleka mikate ya kuuza ni biashara. Mbao za wateja nazo ni biashara. Sema kinalala wapi. Sema na ajali za nyuma, hata mlizozimaliza wenyewe."

Binti akatazama chini. "Ile ya geti la duka, baba."

"Geti lilipinda kidogo tu!"

"Liseme hivyo hivyo, kidogo. Na sema mlichobadilisha. Viti mlivyotoa. Hilo sanduku."

"Sanduku langu lina kosa gani?"

"Halina kosa, hata mimi nalitamani. Lakini pikipiki haikutoka kiwandani nalo. Waambie."

"Wakipandisha bei?"

"Huenda wakapandisha. Lakini utakuwa umenunua bima. Sasa hivi unanunua karatasi."

Kesho yake wakala aliguna. "Mzee, unajiongezea gharama."

"Andika," fundi akasema. "Anza na binti yangu."

Bei ilipanda kweli. Fundi alinung'unika mpaka binti akamwomba apumzike.

Mvua zilipoanza, pikipiki iliteleza ikagonga gari lililoegeshwa. Mlango wa gari ukabonyea, sanduku likapasuka, mkono wa binti ukateguka. Fundi alifika anachechemea mbio, hana hata viatu.

"Niko hai, baba. Usilie mbele za watu."

"Nani analia? Ni mvua."

Mkaguzi wa bima alikuja kuitazama pikipiki. Akagusa mbao zilizopasuka. "Nani aliendesha?"

"Binti yangu," fundi akasema.

"Na hili sanduku?"

"Nililitengeneza mimi."

Mkaguzi alifunua kurasa polepole. Fundi alitazama vidole vya mkaguzi, hakuweza kumtazama usoni.

"Dereva, binti. Kazi, mikate. Sanduku la mbao, nyuma. Sawa, yote yameandikwa."

Kampuni ilichelewa, kama kawaida yao wakubwa hao. Lakini ililipa mlango wa yule mwenye gari, ikatengeneza na pikipiki.

Mkono wa binti ulipopona, sanduku jipya lilikuwa tayari.

"Baba, hili ni kubwa kuliko la kwanza!"

Fundi alikuwa ameshashika simu. Gundi ilikuwa bado mbichi.

"Wewe wakala," akasema. "Sanduku limeongezeka. Chukua kalamu, andika."