Vipimo vya Gauni

Usinibetulie mdomo, wewe ulikuwepo? Shoga yangu fundi cherehani alikwenda kumpima dada yake mgonjwa gauni la harusi ya Jumamosi. Umeme ulikatika, chumba giza tii, mgonjwa anasikika akihema tu. Fundi, kwa mazoea ya kazi, akataja vipimo kwa sauti: "Bega kumi na tano."

Simu ya fundi ikalia, ikawaka kitandani. Tangazo: jeneza la mabega inchi kumi na tano, punguzo mwisho Ijumaa.

"Nani huyo?" dada akauliza.

"Hizo kampuni za mtandao, dada'angu. Zinatusikiliza, zinatuuza. Afadhali mbea wa mtaani, yeye hulala."

Akakunja futi yake, akatoka. Chini ya mto wa dada, simu nyingine ikalia mlio uleule.

Akafunga mlango.