Kinga ya Kulalia

Duka la vifaa vya michezo siku ya Jumamosi halina adabu. Watoto walikuwa wakidunda mipira humo humo ndani, kina baba wameketi sakafuni wakijaribu viatu, na muuzaji mmoja maskini akiitwa kutoka kila pembe. Katikati ya vurugu hiyo alisimama dada mmoja mrefu, amevaa jinzi na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ungedhani ingeweza kusimama peke yake. Alifanya kazi kwenye duka la dobi, ndiyo maana. Wenzake wa timu ya mpira wa kikapu walimwita Kiwiko, na wachezaji wa timu nyingine walijua kwa nini.

Mkononi alishika pakiti ya kinga ya meno. Meno yake yalikuwa na nyaya za kuyanyoosha, na kwenye mazoezi mpira ulikuwa umempiga usoni, nyaya zikamchana mdomo kwa ndani.

"Hiyo usichukue, dada."

Aligeuka. Kijana mwenye miwani, mikono ya shati imepauka kwa unga mweupe.

"Wewe ni muuzaji?"

"Hapana. Nimekuja kununua kamba za viatu."

"Basi nunua kamba."

"Nitanunua. Lakini hiyo unaitumbukiza kwenye maji ya moto, halafu unaing'ata ikiwa bado laini. Itashika nyaya zako kama sementi. Siku ya kuivua, utaivua pamoja na vyuma."

Kiwiko akaziba mdomo kwa pakiti. "Nani kakuambia nina nyaya?"

"Umecheka pale mlangoni ulipokanyagwa."

"Kwani watu hucheka wakikanyagwa?"

"Sijawahi kuona. Ndiyo maana nikaendelea kukutazama."

Akachagua nyingine rafuni, akampa. "Hii imeachiwa nafasi ya nyaya. Haichemshwi. Unavaa, unacheza, unaiosha, unairudisha kwenye kiboksi chake. Meno yakisogea, haiyabani."

"Daktari wewe?"

"Fundi. Natengeneza meno ya bandia na kinga kama hizi, kwenye maabara ya nyuma ya kliniki." Alipotaja kliniki yenyewe, Kiwiko alicheka mpaka nyaya zote zikaonekana. Ndiko huko huko alikowekewa nyaya zake.

"Kumbe huo unga ni plasta ya sanamu za meno! Mimi nilidhani mwoka mikate."

Tangu siku hiyo jina likawa Plasta, na hakulikataa.

Mapenzi yao hayakuwa na ngoma wala tarumbeta. Jioni Plasta alipitia kwa dobi, akasimama nje ya kaunta huku mvuke wa pasi ukimfunika miwani. Jumapili alikaa kwenye viti vya saruji vya uwanja, na Kiwiko akimwangusha mtu, alikuwa wa kwanza kupiga makofi na wa mwisho kujua kwamba ni faulo. Kisha zikafuata simu.

"Umevaa kinga leo mazoezini, mpenzi?"

"Nimevaa, baba mkwe."

"Umeiosha?"

"Nimeiosha."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya baridi! Plasta, wenzako huulizwa kama wamekula, mimi naulizwa kuhusu plastiki."

"Haya, umekula?"

"Sijala."

"Basi kula, halafu piga mswaki."

Alimwomba waoane wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya uwanja, yeye kashika mfuko wa viatu vya Kiwiko. Hakupiga goti. Alisema tu, "Mimi ningependa tuishi pamoja, kwa heshima, mama yako akijua. Wewe je?"

Moyo wa Kiwiko ulisema ndiyo. Mdomo ukasema, "Nipe muda."

Sababu aliijua yeye na dada yake mkubwa, mshonaji aliyelala naye chumba kimoja. Kiwiko alikuwa akisaga meno usingizini. Wala si kidogo. Mchumba wake wa kwanza aliusikia mlio huo kwenye msiba wa shangazi, walipolala ukumbini watu wengi. Asubuhi akatangaza mbele ya ndugu wote, "Jamani, nani alikuwa anaponda kokoto?" Watu wakacheka, naye Kiwiko akajilazimisha kucheka nao. Baada ya hapo simu zake zikaanza kupungua, mwisho zikakauka kabisa. Kiwiko hakumlilia yule bwana. Lakini aliamua kwamba hatacheka nao tena kwa jambo lile, na hatamsikilizisha mwanamume mwingine.

Alijaribu kulala amevaa ile kinga ya kuchezea. Dada mtu akaamka kumwona ameketi kitandani, mate yanamtiririka, anakohoa.

"Hiyo ni ya kupigana, mdogo wangu, si ya kulalia! Mwambie fundi wako akutengenezee ya usiku."

"Thubutu! Nife kwanza."

Hakufa. Ila siku zilivyopita bila jibu, Plasta alienda kwa mshonaji na suruali isiyohitaji kushonwa.

"Shemeji, nimemkosea nini?"

Dada mtu alipigapiga cherehani kidogo, akijaribu kunyamaza. Kunyamaza hakukuwa kipaji chake. Akamwaga yote.

Ijumaa Plasta alimkabidhi Kiwiko kiboksi kidogo cha bluu. Kidogo kabisa, cha kutosha kiganjani. Kiwiko alifikiria pete. Akafungua. Ndani ilikuwa kinga ya meno, laini, inayong'aa, kazi safi.

"Ni ya usiku," Plasta alisema, uso umejaa furaha. "Sasa hakuna shida tena."

Kiwiko alifunga kiboksi. Kumbe dada kamwambia. "Asante," akasema, akaondoka akiwa amejikaza kisabuni.

Hata hivyo usiku ule aliivaa. Alijiambia, ikinitibu, kesho nitampigia nimwambie ndiyo. Ilimbana mno, lakini akadhani ndiyo kazi yake kubana. Alipoamka, chuma cha jino la chonge kilikuwa kimebanduka na waya unamchoma shavu.

Daktari wake, mama mpole wa sauti lakini mkali wa macho, aliukata waya, kisha akaishika ile kinga kwenye mwanga.

"Nani kakutengenezea?"

"Mtu."

"Mtu huyo amepima juu ya sanamu ya plasta niliyochukua kabla hujawekewa nyaya. Meno yako yamekwishasogea, binti yangu. Kinga hii inayarudisha yalikotoka. Na nyaya haikuziachia nafasi."

Kiwiko alipiga simu akiwa bado ngazini.

"Plasta, ulichukua sanamu ya meno yangu rafuni?"

"Nilichukua."

"Uliniuliza?"

"Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza..."

"Umenishtua kweli! Shavu linavuja damu. Na usiku wangu mkaujadili wewe na dada kama bei ya kitambaa!"

"Kiwiko, mpenzi..."

"Usinipigie."

Hakupiga. Kiwiko alipiga pasi mashati ya watu kwa hasira mpaka bosi wake akamwambia, "Taratibu, mama, hilo shati halijakutukana." Kila mlango ulipofunguliwa alitazama. Kila alipotazama alijilaumu kwa kutazama.

Siku alipoingia kweli, Plasta alisimama kwenye foleni kama mteja. Shati lake lilikuwa safi, bila unga.

"Nimekuja kusema kosa langu," alisema zamu yake ilipofika. "Ni mawili. La kwanza la kazi: siku nzima nakaa na meno ya plasta, yasiyokwenda popote, nikasahau kwamba ya kwako yanatembea. Nimemwambia daktari mwenyewe. Amenifokea, na ana haki. La pili: ulikuwa na siri, nami nikaenda kuitibu kabla hujaniambia."

Mteja wa nyuma akakohoa. Kiwiko akamwambia, "Subiri kidogo, kaka," akamgeukia Plasta.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Niliogopa utasema hunitaki."

"Mimi niliogopa utasikia."

"Kusikia nini? Meno? Kazini nayasaga kwa mashine tangu asubuhi."

"Hujasikia yangu," Kiwiko alisema. "Ukisikia ndipo uzungumze."

"Basi nisikie," Plasta akasema. "Suruali mbili, tafadhali. Zisiwe na mikunjo."

Daktari alichukua vipimo vipya, akasimamia kazi mwenyewe. Kinga mpya ya usiku ilikuwa na nafasi kwa nyaya, na ilipasa kukaguliwa kila meno yanaposogezwa. Kiwiko aliivaa nyumbani bila maumivu. Dada mtu, aliyekwisha kuomba msamaha na kusamehewa, alisema mlio umepungua. Si kuisha, kupungua.

Kisha timu ikasafiri kucheza mji wa jirani, Plasta akifuatana nayo kama shabiki, na wakashinda. Wakati wa kurudi, mchana wa jua kali, basi lilijaa jezi zenye jasho na kelele za ushindi. Kiwiko alikwenda kuketi karibu na Plasta kiti cha nyuma. Hakuitoa kinga ya usiku kwenye begi.

"Huvai?"

"Leo mara moja tu sivai. Usikie kitu chenyewe."

Akalaza kichwa begani kwake, na kwa uchovu wa mchezo usingizi ukamchukua mara moja.

Kilichomwamsha ni sauti ya kocha kutoka mbele. "Jamani, nani anaponda kokoto huko nyuma?"

Vichwa vikageuka basi zima. Kiwiko hakufumbua macho. Yalikuwa maneno yale yale ya msibani, watu wakiwa tayari kucheka.

"Ni mimi, kocha," bega lililo chini ya shavu lake likasema. "Natafuna karanga."

"Basi gawa, bwana!"

"Zimekwisha."

"Zimekwisha vipi, na sauti tumeisikia sasa hivi?"

"Namalizia maganda."

Vicheko vikalipuka, vyote vikimwangukia Plasta, na yeye akavipokea kama mtu aliyepewa kombe. Kelele ziliporudi kama mwanzo, Kiwiko alisema kwa sauti ya chini, macho bado yamefumbwa:

"Ilikuwa mbaya?"

"Mbaya sana," Plasta akakiri. "Nilidhani ni gia ya basi."

"Na bado unataka?"

"Nataka."

"Jumapili uje nyumbani kwa mama, basi. Uvae ile suruali isiyo na mikunjo."

Plasta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati ingawa haikuwa na kitu, akaivaa tena. Kisha akaliburuta begi la Kiwiko kutoka chini ya kiti.

"Nitakuja," alisema. "Sasa vaa kinga yako ulale, mke wangu. Mpaka tufike bado mbali, na mimi karanga zimeniishia."