Macho ya Mzee Cheche

Fundi cherehani alikuwa akishona sare za shule sebuleni. Baba yake alikaa karibu naye, akikunja mashati yaliyokwisha. Mzee huyo haoni. Zamani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mpaka leo majirani humwita Mzee Cheche.

"Binti, mbona leo cherehani inasimama simama?" aliuliza.

"Tundu la sindano limenishinda, baba. Kesho nitaenda kupimwa miwani."

"Nenda, usije ukawashonea watoto wa watu shati la mkono mmoja!"

Wakacheka.

Kesho yake kliniki, muuguzi wa macho alimsomesha herufi za ukutani. Kisha akauliza, "Dada, kwenu kuna mtu aliyepoteza kuona?"

"Baba tu. Lakini si ugonjwa, ni moto wa kuchomelea. Ndiyo maana alitukataza kazi ile."

"Na ndugu zake baba?"

"Shangazi naye haoni."

"Naye alikuwa anachomelea vyuma?"

"Wapi! Shangazi alikuwa mwalimu."

Fundi hakuwahi kuyaweka pamoja mambo hayo mawili.

"Moto ule huumiza macho, ni kweli," alisema muuguzi. "Lakini hawa ni ndugu wawili, na kazi zao ni tofauti. Huenda ni presha ya macho. Ugonjwa huu hutembea katika familia. Mara nyingi hauumi. Hula uwezo wa kuona polepole, kuanzia pembeni. Mtu anashtuka umeshaharibu."

"Kwa hiyo nami nitapofuka?" aliuliza fundi.

"Si lazima. Kuwa na ndugu mgonjwa haina maana kwamba nawe utaugua. Ila hatari yako ni kubwa zaidi, kwa hiyo tunakupima mapema."

Walimpima. Presha ya macho ilikuwa juu, na pembeni alishaanza kupoteza kuona kidogo. Daktari alimpa miwani ya kushonea, na dawa ya matone ya kutia kila siku.

"Kilichopotea hakirudi," daktari alimwambia, "lakini ukitumia dawa, tutakilinda kilichobaki."

Nyumbani alimweleza baba yake. Mzee akaliweka shati chini.

"Kumbe miaka yote nimeusingizia moto!" alisema. "Hebu mpigie kaka yako."

Kaka alikuwa dereva wa lori. "Baba, mimi naona hata sisimizi akivuka barabara!" alijibu kwenye simu.

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Nenda kapime. Na uwaeleze huko kliniki habari yangu na ya shangazi yako, usifiche."

Kaka alikwenda. Ugonjwa wake ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Naye akapewa dawa.

Sasa wote wawili hutia matone bila kukosa. Waliporudi kupimwa, daktari alikuta presha imeshuka. Fundi anashona, kaka anaendesha.

Jumapili moja walikuwa wamekaa na baba yao. Kaka akauliza, "Na upande wa mama, kulikuwa na ugonjwa gani?"

"Bibi yenu alikuwa na kisukari. Na mjomba wenu pia."

"Baba! Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza lini?" Mzee Cheche alitabasamu. "Haya, vuteni viti. Niwaambie yote."